Mwaka Mpya wa Wakorea: Sikukuu Iliyodumu Nje ya Kalenda Rasmi

Mtu anayetaka kujua jinsi taifa fulani linavyohesabu wakati huanza kwa kusoma sheria na kalenda za serikali yake. Historia ya Korea yatuonya kwamba vyanzo hivyo peke yake havitoshi. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, mwaka mpya wa jadi wa Wakorea, uitwao Seollal, haukutambuliwa na watawala. Hata hivyo haukufa. Katika makala hii fupi tutaeleza kwanza desturi zenyewe, kisha tutafuata masaibu yaliyoipata sikukuu hiyo, na mwisho tutajiuliza ni nini kilichoihifadhi.

Seollal ni siku ya kwanza ya mwezi wa kwanza katika kalenda inayofuata mwezi mwandamo. Ili miezi isiachane na majira ya kilimo, mwezi wa 13 huongezwa mara saba katika kila miaka 19. Ndiyo sababu sikukuu huangukia kati ya mwisho wa Januari na siku za ishirini za Februari.

Desturi nyingi za siku hiyo ziliandikwa na Hong Seok-mo mwaka 1849 katika kitabu chake Dongguk sesigi, kinachopanga mila za Wakorea mwezi kwa mwezi. Usiku wa kuamkia mwaka mpya watu walikesha, na watoto waliambiwa kuwa atakayelala nyusi zake zitageuka nyeupe. Viatu vilifichwa, kwani pepo mmoja alisemekana kupita nyumba hadi nyumba akijaribisha viatu na kuiba vile vinavyomtosha. Ili kumzuia, watu walitundika chekeche ukutani: pepo angeshughulika kuhesabu matundu yake mpaka jogoo awike.

Asubuhi jamaa huvaa nguo mpya na kuwaandalia wahenga vyakula na kinywaji. Ibada hiyo huitwa charye. Kisha vijana huwasujudia wazee, nao wazee huwajibu kwa maneno ya baraka na, siku hizi, kwa fedha kidogo. Chakula cha lazima ni tteokguk, yaani mchuzi wenye vipande vyembamba vya mkate mweupe wa mchele uliopondwa. Kuunywa ni kuongeza mwaka mmoja wa umri. Baadaye hufuata michezo: yut, unaochezwa kwa kurusha vijiti vinne, pembea ya ubao kwa wasichana, na vishada, ambavyo siku ya mwezi mpevu hukatwa uzi ili viondoke na mikosi ya mwaka.

Tugeukie sasa historia. Kwa amri ya Mfalme Gojong, siku ya 17 ya mwezi wa 11 wa mwaka 1895 ilifanywa kuwa tarehe 1 Januari 1896, na Korea ikaingia katika kalenda ya jua. Japani, iliyokwisha kufanya mageuzi kama hayo mwaka 1873, iliitawala Korea kuanzia 1910 hadi 1945. Watawala hao waliuita mwaka mpya wa jua "mpya" na ule wa jadi "wa zamani", wakawashurutisha watu kuuacha huo wa zamani.

La kustaajabisha ni kwamba uhuru haukuirudishia sikukuu heshima yake. Mwaka 1949 serikali ya Korea Kusini ilitenga siku tatu za mapumziko mwanzoni mwa Januari, bila kuitaja Seollal. Kusherehekea mara mbili kulihesabiwa kuwa ubadhirifu. Watu, hata hivyo, waliendelea kurudi vijijini. Tarehe 26 Januari 1960, siku mbili kabla ya Seollal, watu 31 walikufa kwa kukanyagana kwenye ngazi za stesheni ya Seoul, wakikimbilia treni ya kwenda Mokpo. Walikuwa wakisafiri kwa ajili ya siku ambayo kalenda ya serikali haikuitambua.

Hatimaye serikali ilisalimu amri: mwaka 1985 siku hiyo ilipewa mapumziko kwa jina la "Siku ya Mila", na mwaka 1989 ikarudishiwa jina lake na siku tatu kamili. Mwaka 1999 mapumziko ya mwaka mpya wa jua yalipunguzwa yakawa siku moja.

Ni nini, basi, kilichoihifadhi? Kwa maoni yetu, ni kwamba sikukuu hii haikuhitaji hekalu wala ofisi ya serikali. Ilihitaji meza, mzee na mtoto, na deni la walio hai kwa wafu wao, ambalo amri ya serikali haiwezi kulifuta. Mwaka 2023 sheria iliagiza kwamba umri wa Wakorea uhesabiwe kwa tarehe ya kuzaliwa. Lakini mchuzi ungali unapikwa. Wanafunzi wetu wanaotafiti mila na wakumbuke: sheria hutuambia kile ambacho watawala walitaka, ila ni jikoni tunakojifunza kile ambacho watu walikataa kuacha.