Rima, Chemba na Risasi ya Ukingo

Karakanani, keekee hutoboa tundu, kisha rima hulipanua kidogo na kulilainisha hadi kipimo kamili. Fundi bunduki ana rima ya pekee, iliyonolewa kwa umbo la risasi nzima, ambayo huchonga nyuma ya mtutu mahali risasi inapolala kabla ya kufyatuliwa. Mahali hapo napendekeza tupaite chemba, ingawa mafundi bomba nao wana chemba yao ya majitaka.

Ipo risasi inayogongwa katikati ya kitako. Hiyo tuiite risasi ya kitovu. Nyingine, mfano .22 Long Rifle iliyotolewa na kampuni ya Stevens ya Marekani mwaka 1887, hubeba kilipuzi ndani ya ukingo wa kitako. Hii ndiyo risasi ya ukingo, na ndiyo inayomtesa fundi. Mlengaji wa risasi ya kitovu aweza kujipakia mwenyewe: akapima baruti, akakalisha kichwa kwa kina anachotaka. Wa risasi ya ukingo hupokea kile kiwanda kilichompa, hivyo chemba ndiyo inayopaswa kuifuata risasi.

Kichwa cha .22 kina unene sawa na ganda lake, karibu milimita 5.7, nacho hupakwa nta kwa nje. Chemba ya kawaida huachwa na nafasi ya takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, ili risasi ya kiwanda chochote iingie hata kukiwa na uchafu. Lakini humo kichwa huwa mbali kidogo na mifereji ya mtutu. Kikifyatuliwa huruka pengo hilo, na chaweza kuingia kimeinama. Kwenye shabaha ya mita 50, duara la alama kumi lina kipenyo cha milimita 10.4 tu.

Kwa hiyo rima ya mashindano huchonga chemba nyembamba na fupi. Komeo la kuzibia nyuma ya chemba likifungwa, kichwa huguswa na mifereji na kuachiwa alama hafifu. Kina cha kukalia ukingo nacho hupimwa: ukingo una unene wa karibu milimita 1.1, na kina kikizidi, pini ya kufyatulia huisukuma risasi mbele badala ya kuuponda ukingo sawasawa.

Kubana kuna gharama. Risasi isiyofyatuliwa ikitolewa, kichwa chaweza kubaki kimenasa na baruti ikamwagika. Bunduki inayojipakia yenyewe nayo haina nguvu ya mkono wa kuisukumiza risasi ndani. Ndiyo maana wengi huichongea chemba ya Bentz, ya wastani, na kuiachia bunduki ya komeo rima za kubana kama 52D, iliyorithi jina la bunduki ya Winchester 52D.

Hata hivyo, binafsi ningeuliza kwanza habari za mwongozo, ile pini laini inayotangulia mbele ya rima. Usipoenea vizuri kwenye tundu la mtutu, chemba huchongwa upande, na hapo vipimo vyote vya kwenye mchoro haviokoi kitu.