Alama za kunukuu na mitego yake katika skripti za Python

ALAMA za kunukuu katika mstari wa amri si pambo la maandishi. Ndizo huamua iwapo kompyuta itasoma "mapato 2023.txt" kama jina la faili moja au mawili. Mwandishi wa skripti ya Python anayeunganisha neno rm na jina hilo bila alama, kisha akalikabidhi os.system kwenye Linux, huwa ameamuru faili mbili zifutwe: mapato na 2023.txt. Lau mojawapo ipo, itatoweka, na ile iliyokusudiwa itasalia.

Chanzo cha utata huu ni kwamba mifumo endeshi haigawi kazi kwa namna moja. Katika Linux na macOS, sheli, yaani programu inayopokea amri, ndiyo hukata maneno na kuondoa alama. Python hupata katika sys.argv orodha iliyokwisha kupangwa. Kwenye Windows, programu hukabidhiwa mfuatano mmoja wa herufi na kuukata yenyewe. Isitoshe, cmd.exe haiitambui alama moja ya kunukuu. Anayeandika 'Matokeo ya Mtihani.txt' hapo hupata vipande vitatu, cha kwanza na cha mwisho vikiwa vimeng'ang'ania alama zao. Alama mbili hukubalika kote, ingawa nazo zina mtego: katika "C:\Hesabu za Shule\", mkwaju wa mwisho huifanya alama inayoufuata ihesabiwe kuwa sehemu ya jina.

Njia salama ni moduli ya subprocess, iliyoingia katika Python 2.4 mwaka 2004. Ikipewa orodha, kila neno mahali pake, haihitaji sheli kwenye Linux. Kwenye Windows huweka alama mbili yenyewe. Wengi hukimbilia shlex.quote, ya mwaka 2012, wakidhani inafaa kote. La hasha! Iliundwa kwa sheli za jamii ya Unix, na hutumia alama moja, ile ile isiyotambuliwa na cmd.exe.

Hata orodha haikingi kila kitu. Faili za .bat na .cmd huweza kupitishwa na Windows kwenye cmd.exe pasi na skripti kuomba, na Python haiongezi kinga yoyote hapo. Jina lililoletwa na mgeni, likiwa na alama ya &, laweza kuanzisha amri ya pili ambayo mwenye skripti hakuiandika.