Kukaa Pamoja Si Kusoma Pamoja

Kila msee aliyepitia chuo anaijua hii. Mhadhiri anasema mjigawe makundi ya watu sita. Mmoja anakesha akiandika. Wanne wanatuma jina na namba ya usajili dakika za mwisho. Wa sita hata hamjawahi kumwona. Halafu nyote mnapata alama sawa, na hiyo inaitwa kusoma kwa ushirikiano.

Nilidhani shida ni uvivu wetu tu, mpaka niliposoma yaliyotokea Austin, Texas, mwaka wa 1971. Wacha niwape.

Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeamua tangu 1954 kwamba kutenga watoto shuleni kwa sababu ya rangi ni kinyume cha katiba. Austin ilijikokota miaka mingi. Hatimaye watoto weupe, Weusi na wenye asili ya Meksiko wakawekwa darasa moja, na haikuchukua muda ngumi zikaanza. Wakuu wa elimu wakamwita Elliot Aronson, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Texas.

Aronson hakuanza na hotuba za kupendana. Yeye na wanafunzi wake walikaa madarasani wakaangalia tu. Mwalimu akiuliza swali, mikono inaruka juu. Akichaguliwa mmoja, wengine wanaguna. Akikosea, wanafurahi, manze, kwa sababu nafasi yao imerudi! Wasiojua jibu wanainamisha kichwa wakiomba wasionekane. Yaani darasa lenyewe lilikuwa ulingo, na waliotoka shule duni waliingia wakiwa tayari wameshindwa.

Kwa hivyo wakabadilisha mchezo. Watoto wa darasa la tano waliwekwa kwa makundi madogo yaliyochanganya rangi. Somo likakatwa vipande, kila mtoto akapewa kimoja tu. Kwanza unakutana na wale wa makundi mengine wenye kipande kama chako, mnakielewa pamoja. Kisha unarudi kufunza kundi lako. Mtihani unaulizwa somo lote, na kila mtu anaufanya peke yake. Hakuna kujificha, na pia hakuna kufaulu bila wenzako.

Kulikuwa na kijana ambaye Aronson anamwita Carlos. Kiingereza kilikuwa lugha yake ya pili. Zamu yake ilipofika akababaika, na wenzake wakamcheka. Msaidizi mmoja akawaambia: kumcheka kunaweza kuwafurahisha, lakini hakutawafunza kipande chake, na mtihani unakuja. Basi pole pole wakaacha kejeli, wakaanza kumuuliza maswali ya maana. Kumbe jamaa alikuwa na akili muda huo wote! Angalia mpangilio hapo: hawakumpenda kwanza. Walimhitaji kwanza, mapenzi yakafuata.

Baada ya wiki chache, watoto wa madarasa hayo walipendana zaidi, walijiamini zaidi na walifurahia shule zaidi. Watoto Weusi na wa asili ya Meksiko walipanda kwenye mtihani, na wale weupe hawakushuka.

Sasa turudi nyumbani. Kizazi chetu kililelewa na KCPE: namba moja anapigiwa makofi, namba ya mwisho anajulikana na shule nzima. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023, na mtaala mpya umeweka mawasiliano na ushirikiano kwenye umilisi wa kimsingi. Poa sana. Lakini kusogeza madawati yatazamane hakutoshi. Kama kazi ya kundi inaweza kufanywa na mtu mmoja, itafanywa na mtu mmoja. Na yule mtoto anayebabaika ataendelea kukaa kimya, safari hii akiwa katikati ya watu.

Kwa hivyo walimu, na nyinyi mnaosomea ualimu, kabla ya kugawa makundi jiulizeni swali moja tu: mtoto aliye kimya kuliko wote asipokuja kesho, kuna mwenzake yeyote atakayekwama?