Bandari Iliyohama: Ujiji, Kigoma na Riziki ya Ziwa Tanganyika

Msafara uliotoka Bagamoyo ulitembea zaidi ya kilomita 1,000, ukapita Ugogo na Unyanyembe, ukavuka mto Malagarasi, ndipo ukaliona Ziwa Tanganyika. Mwisho wa njia hiyo palikuwa Ujiji. Richard Burton na John Speke walifika hapo Februari 1858, wakifuata njia ambayo Wanyamwezi, na baada yao Waarabu na Waswahili wa pwani, walikwisha kuikanyaga kwa miaka mingi. Wazungu hao wawili walikuta soko linalofanya kazi yake.

Soko hilo linastahili kutazamwa kwa karibu. Kila bandari ya Kigoma inapotajwa, simulizi huanzia kwenye reli ya Mjerumani, kana kwamba mwambao huu ulikuwa umelala mpaka gari moshi lilipopiga honi. Ujiji ya katikati ya karne ya 19 iliuza chumvi ya Uvinza, ambako watu walikuwa wakichemsha maji ya chemchemi za chumvi tangu zaidi ya miaka 1,000 nyuma. Iliuza mawese, samaki wakavu, mihogo, ndizi, mbuzi kutoka milima ya Uha na majembe ya wahunzi. Kutoka ng'ambo, Ugoma, ilipokea mitumbwi mikubwa iliyochongwa kwa magogo ya mvule. Sarafu yake ilikuwa shanga. Aliyekuja sokoni na doti ya nguo aliibadilisha kwanza kwa shanga za sofi, kisha akanunua kidogo kidogo: samaki hapa, chumvi pale. Mji wenye sarafu yake ya kununulia kitoweo ni mji ambao watu wa kawaida wamo ndani ya biashara, hawasimami kando kuitazama ikipita.

Katika soko hilohilo waliuzwa watu. Mateka kutoka Manyema walivushwa ziwa, wengine wakiwa na pembe za ndovu mabegani, na wengi hawakufika Unguja. Haifai makala ya urithi ipake rangi jambo hili. Katika miaka ya 1880 Mohammed bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza, aliitumia Ujiji kama ngome ya kutawala mwambao wa kaskazini, na vijiji vingi vilichomwa ili pembe na watu vipatikane. Nusu ya urithi wa Ujiji ni uchungu huo. Nusu ya pili ni kwamba wengi walioletwa hapo kwa nguvu, na wengine waliokuja kwa hiari kama wapagazi na wapiga makasia, walibaki, wakaoana na Wajiji, wakajenga mji wa Kiislamu unaozungumza Kiswahili mbali hivyo na bahari. Mwinyi Kheri, mtu wa pwani aliyeoa katika ukoo wa kitawala wa Wajiji, aliuongoza mji huo miaka mingi, na hatimaye akapewa bendera ya Sultani Barghash.

Usafiri wa majini ulikua polepole. Burton alipotaka kwenda kaskazini mwa ziwa, ilibidi Speke avuke hadi kisiwa cha Kasenge kutafuta jahazi la tajiri mmoja wa Kiarabu, akarudi bila jahazi. Miaka 20 baadaye majahazi yalikuwa mengi, na mwaka 1885 Chama cha Misheni cha London kikashusha majini meli ya mvuke, Good News.

Kilichoiangusha Ujiji kama bandari, kwa sehemu kubwa, ni maji yenyewe. Mnamo 1878 ziwa lilijaa mpaka likavunja kizibo cha matope na mimea kwenye mto Lukuga, upande wa Kongo, na maji yakaanza kutoka kwa nguvu. Katika miaka 15 hivi iliyofuata, ziwa lilishuka karibu mita 10. Ufuo wa Ujiji ni tambarare, kwa hiyo kila mita iliyoshuka ililisogeza ziwa mbali. Anayetembelea leo kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, penye miembe iliyotokana na ule ambao wawili hao walikutana chini yake mwaka 1871, hana budi kutembea tena ili afike majini. Kilomita chache kaskazini, Kigoma ilikuwa na ghuba yenye kina, iliyokingwa na vilima, na Wajerumani walipotafuta mahali pa kufikishia reli hawakuhangaika sana.

Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma Februari 1914. Maonyesho makubwa ya kuisherehekea yalipangwa kufanyika Dar es Salaam Agosti mwaka huo, na ndio mwezi Vita vya Kwanza vya Dunia vilipolipuka. Kuhusu meli ya Graf von Goetzen msomaji anajua mengi, nami nitapita haraka: iliundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaja kwa bahari na reli, ikaunganishwa Kigoma na kuingia majini Februari 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916 baada ya kuzipaka mashine grisi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, nayo ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Kinachonigusa zaidi ni wachukuzi, wagonga ribiti na wapakia kuni wa Kiafrika waliofanya kazi hiyo yote, ambao majina yao hayakuandikwa mahali popote panapofikika kwa urahisi.

Hapa ndipo historia ya Kigoma inapotofautiana na ya Ujiji. Mwaka 1921 Uingereza iliipa Ubelgiji maeneo maalumu katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, ili mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi ipite bila kutozwa ushuru. Kwa karne nzima mizigo hiyo imepita: ikishuka kwenye behewa, ikipanda meli, ikielekea Kalemie au Bujumbura. Mwalimu Nyerere alitangaza mwishoni mwa 1961 kwamba Tanganyika huru haiwezi kufungwa na mkataba wa kukodisha ardhi yake milele. Alikuwa sahihi. Hata hivyo tabia ya bandari haikubadilika sana: mali ilikuwa ya wengine, na mji ulipata ujira wa kubeba.

Mbaya zaidi, reli iliondoa watu. Serikali ya kikoloni iliihesabu Uha kuwa ghala la vibarua. Vijana wa Kasulu na Kibondo waliandikishwa, wakapandishwa treni kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Hao ndio manamba, na kuanzia 1944 wakala wa wenye mashamba ya mkonge, SILABU, aliifanya kazi ya kuwakusanya kwa mpangilio. Mkoa wenye reli, bandari na ziwa lenye kina cha mita 1,470 uliuza nguvu za vijana wake kwa sababu hapakuwa na kazi iliyopangwa kwa ajili yao nyumbani. Huu ndio mzizi wa umaskini ambao watu wa Kigoma wametaniwa nao kwa miaka mingi.

Biashara ambayo haikuondoka mikononi mwa wenyeji ni ile ya vyombo vidogo. Nenda Kibirizi, kaskazini kidogo mwa bandari kuu. Boti za mbao hupakia saruji, mchele, sabuni na magodoro kwenda Kongo na Burundi, na nyingine hubeba abiria wa vijiji vya kuelekea Gombe ambavyo havina barabara. Kusini, katika miaka yake ya kazi, Liemba ilisimama mbele ya vijiji visivyo na gati. Mitumbwi iliizingira gizani, magunia ya dagaa yakapandishwa kwa mlango wa ubavuni, na mama mwenye mtoto mgongoni akavutwa mkono na mabaharia. Mei 2015 meli hiyohiyo iliwabeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma, mamia kwa kila safari.

Dagaa wa Kigoma ndio alama ya mkoa katika masoko ya nchi nzima. Wanaume huenda usiku wa giza na taa, samaki huja kwenye mwanga, nyavu huvutwa kutoka chini. Asubuhi kazi huwa ya wanawake: kununua kwa beseni, kuanika, kugeuza, kufukuza kunguru, kuchambua na kufunga. Mvua ikinyesha kabla dagaa hawajakauka, mtaji umeharibika. Ajira hizi za mwaloni ni nyingi kuliko za gatini, lakini hazina mkataba, bima wala sauti kwenye mikutano ya mipango.

Nazo zimo hatarini. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2003 zilionyesha kwamba joto la ziwa limepanda na chakula cha samaki kimepungua kwa takriban asilimia 20. Nyavu haramu zimeongeza pigo. Mwaka huohuo Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia zilitia saini mkataba wa pamoja wa kulihifadhi ziwa, na mwaka 2024 uvuvi wetu ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Naunga mkono kufunga ziwa. Sikubali miezi mitatu hiyo ibebwe na mama muuza dagaa peke yake.

Sasa pesa nyingi zinakuja. Bandari mpya ya Karema imejengwa Katavi ikiikabili Kalemie, gati za Kibirizi na Ujiji zimeshughulikiwa, na reli ya kisasa imeandikiwa mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma. Maji nayo, yaliyoihama Ujiji, katika miaka ya karibuni yamepanda tena na kufurika miji ya mwambao, Bujumbura ikiwemo. Mhandisi anayechora gati leo aanze kwa kusoma habari za 1878.

Ombi langu kwa Mamlaka ya Bandari, Wizara ya Uvuvi na Manispaa ya Kigoma Ujiji ni hili: kila mradi wa gati uwe na eneo lenye paa la kukaushia dagaa, maghala yanayokodishwa kwa wafanyabiashara wadogo, na mafunzo ya ufundi wa meli kwa vijana wa Ujiji, Kasulu na Uvinza. Na ramani zitakapofunguliwa mezani, wanawake wa Kibirizi wawepo kabla ya kalamu kugusa karatasi.