Kituo cha kusukuma maji taka: kutoka London hadi Rongai

Maji taka hayajui kupanda. Yakipata mteremko yatakwenda yenyewe. Mteremko ukiisha, lazima yainuliwe. Hiyo ndiyo kazi ya kituo cha kusukuma maji taka, na hakuna waliovijenga kwa fahari kama Waingereza wa zama za Malkia Victoria.

Kiangazi cha 1858 mto Thames ulinuka hadi wabunge wakakosa pa kukaa. Mhandisi Joseph Bazalgette akapewa kazi ya kuchimba mifereji mikuu chini ya London, ipeleke uchafu mashariki ya mji. Lakini upande wa chini wa mji mteremko haukutosha. Ndipo vikajengwa Crossness, kilichofunguliwa 1865, na Abbey Mills, 1868.

Crossness kilikuwa na injini nne za mvuke, kila moja na gurudumu la tani 52. Zilipandisha maji taka hadi kwenye hodhi kubwa iliyofunikwa, yakangoja humo mpaka maji yapwe, kisha yakafunguliwa. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa sababu: ukiyamwaga maji yakijaa, yatakurudia mlangoni. Hawakuyasafisha, waliyasogeza tu.

Abbey Mills nacho kina matofali ya rangi, nakshi, na juu yake kuba. Zamani kilikuwa na mabomba mawili ya moshi mithili ya minara, yakabomolewa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwonyeshe mzee wa Mji wa Kale picha ile, atakuuliza ni msikiti wa wapi. Wengine huona urembo ule ni israfu. Mimi naona jengo linaloonewa fahari halikosi mtu wa kulitunza.

Na hofu yao ilikuwa kipindupindu, kilekile kilichoipiga Unguja mwaka 1869. Daktari James Christie, aliyekuwa huko, alikiandikia kitabu kizima.

Nayaeleza haya kwa sababu hapa Rongai ninapoishi, ghorofa zimetangulia mabomba. Plot nyingi zina karo uani, likijaa huitwa lori la kunyonya, na gharama wakagawana wapangaji. Jirani tu pana kisima cha kuchimba, na maji yake ndiyo yanayouzwa kwa mitungi. Karo likivuja, hakuna atakayeona.

Ardhi yetu inateremkia Mto Mbagathi, kwa hiyo sehemu kubwa ya safari haihitaji mashine. Shida ni huko chini: maji taka yakishafika bondeni, ama yasafishwe hapohapo, ama yasukumwe kwenda kwengine. Siku mkiitwa kwenye kikao cha mradi wa maji taka, ulizeni kituo kitawekwa wapi na nani atalipa bili ya umeme. Bazalgette alikuwa na makaa ya mawe ghalani. Sisi stima ikipotea pampu inasimama, na watu hawaachi kwenda chooni, basi ulizeni pia jenereta iko wapi, na kama hodhi inatosha kuyazuia maji hayo hadi asubuhi yasiingie mtoni.