Kikombe cha 1857

Majaribio yamenibana, lakini hili lazima niliandike kabla halijapoa. Alhamisi kwenye semina jamaa mmoja aliuliza: hawa makaburu wa Afrika Kusini si walikuwa kanisani kila Jumapili? Sasa ubaguzi waliutoa kwenye Biblia gani? Darasa zima kimya, na mimi mwanakwaya nikiwemo. Sekondari tulifundishwa habari za polisi, Mandela na wapigania uhuru waliokaa Mazimbu pale Morogoro. Kanisa halikutajwa.

Basi nikazama maktaba. Kumbe ilianza na kitu kidogo tu, kikombe cha ushirika. Mwaka 1829 sinodi ya kanisa lao kule Cape, lile la Kireformed lenye asili ya Uholanzi, iliamua kwamba Meza ya Bwana ni ya waumini wote bila kujali rangi. Safi kabisa. Lakini wazungu wengine hawakutaka kushiriki na weusi, manung'uniko yakazidi, na mwaka 1857 sinodi ikalegeza. Ilikiri bado kwamba kuabudu pamoja ndiyo Maandiko yanavyotaka, ila kwa sababu ya "udhaifu wa baadhi" weusi wangeweza kutengewa jengo lao. Udhaifu wa nani jamani? Wa wenye chuki! Mbaguzi kahurumiwa kama mgonjwa, aliyebaguliwa kaonyeshwa mlango. Mwaka 1881 likaundwa kanisa zima la pembeni kwa walioitwa machotara. Na D. F. Malan, aliyeingia madarakani 1948 na sera ya apartheid, aliwahi kuwa mchungaji wa hilo kanisa la wazungu.

Walikuwepo waliokataa. Beyers Naudé alikuwa kaburu halisi, mwanachama wa Broederbond, chama chao cha siri. Mwaka 1960 polisi waliua watu 69 Sharpeville, naye hakuweza tena kunyamaza. Mwaka 1963 akauacha uchungaji. Serikali ikamfunga mdomo kwa amri ya marufuku, 1977 hadi 1984.

Ila kilichoninyima usingizi ni Ottawa, Kanada, mwaka 1982, kwenye mkutano wa makanisa ya Kireformed ya dunia. Ibada ya ufunguzi ilikuwa na ushirika. Allan Boesak na wenzake kadhaa wa Afrika Kusini wakagoma kushiriki pamoja na wajumbe wazungu wa kwao. Nyumbani walikuwa wanafukuzwa mezani, sasa ugenini waigize undugu wa nini? Yaani ni kikombe kilekile cha 1857, safari hii anayekataa ni yule aliyekataliwa. Mkutano ukatamka kwamba kuitetea apartheid kwa hoja za dini ni uzushi, makanisa mawili ya wazungu yakasimamishwa, na Boesak akachaguliwa rais.

Novemba 1990, Rustenburg, profesa Willie Jonker alisimama akaungama dhambi yake na ya kanisa lake. Desmond Tutu akaipokea toba ile palepale. Baadhi ya weusi hawakufurahi, waliona kasamehe haraka mno. Nadhani walikuwa na hoja. Lile kanisa la "machotara" lilikuwa limepitisha Ungamo la Belhar mwaka 1986, la kukataa ubaguzi, lakini hata 2015 pendekezo la kuliingiza kwenye katiba ya kanisa la wazungu halikupata kura za kutosha.

Rumeti wangu yuko upande wa Tutu, mimi bado niko Ottawa na Boesak. Jana tumebishana mpaka umeme ukakatika, na Jumapili hii kuna ushirika.