Hamburg na Maji ya Elbe

Mwishoni mwa Juni jua la Hamburg huchelewa kuzama hadi karibu saa nne usiku. Ufuko wa Övelgönne hujaa watu waliojilaza mchangani, meli za makontena zikipita mbele yao. Mgeni kutoka Tanga au Mombasa ataona jambo analolijua vizuri: maji hupwa na kujaa. Bahari iko mbali, kiasi cha kilomita 100, lakini mto Elbe hufuata saa zake. Kujaa huko ndiko kulikoinua bandari, na mwaka 1892 kulichangia kuua watu zaidi ya 8,600.

Moto wa Mei 1842 ulipoteketeza sehemu kubwa ya mji wa kale, mhandisi Mwingereza William Lindley alijenga mabomba mapya na mifereji ya majitaka. Maji yalivutwa kutoka Elbe, juu ya mji, yakafika majumbani bila kuchujwa. Majitaka yalimwagwa katika mto huohuo, upande wa chini. Kwenye karatasi mpango ulipendeza. Lakini maji yalipojaa, uchafu nao ulipanda. Altona, mji jirani uliokuwa chini ya Prussia, ulichota maji yaliyokwisha kupokea taka zote za Hamburg, na kwa sababu hiyohiyo ukayachuja kwa mchanga.

Hamburg ilitawaliwa na wafanyabiashara, watu wa hesabu. Kampuni ya O'Swald ilinunua kauri katika pwani yetu na kuziuza Afrika Magharibi, zilikotumika kama fedha. Heinrich Ruete, aliyemwoa Salme, binti wa Seyyid Said sultani wa Zanzibar, na kuhamia naye Hamburg mwaka 1867, alikuwa wa tabaka hilo. Ilipohitajika nafasi ya maghala ya Speicherstadt, yale ya matofali mekundu ambayo watalii huyapiga picha wakiwa mashuani, watu wapatao 20,000 walihamishwa, na mwaka 1888 mfalme Wilhelm II akaja kuyafungua. Chujio la maji lilijadiliwa miaka na miaka. Bandari haikungoja, wanywaji wa maji waliweza kungoja.

Agosti 1892 ilikuwa ya joto kali na mto ulikuwa umepungua. Kipindupindu kilipoingia, wakuu walisita kukitangaza, maana karantini ingesimamisha meli. Serikali ya Berlin ikamtuma mtafiti wa vijidudu Robert Koch. Ushahidi mkubwa ulikuwa mpakani: mtaa mmoja, hewa ileile, jua lilelile; upande wa Hamburg watu wanazikwa, upande wa Altona karibu wote wazima. Kilichotofautiana ni bomba. Hata hivyo mtaalamu wa afya Max von Pettenkofer wa Munich, aliyeshikilia kwamba vijidudu peke yake haviwezi kuleta mlipuko, alivinywa Oktoba hiyo ili kumpinga Koch. Akaharisha, lakini akapona, na hakubadili msimamo.

Machujio ya mchanga katika kisiwa cha Kaltehofe yalianza kazi Mei 1893 na kutumika hadi 1990. Leo mabwawa yake ni makazi ya ndege, na kando yake kuna makumbusho. Mwenye nusu siku ya kiangazi ningemwambia aende huko kwanza, kabla ya mashua za Speicherstadt.